Shati la Tisa na Nusu

Jumatatu, 6 Februari 1978

Leo nimefanya hesabu ya watu wazima. Naandika upesi kabla Mama hajarudi. Daftari hili hana habari nalo.

Nilipotoka shule nilipitia ushirika kuchukua ufunguo kwa Mama. Ushirika wao wa ushonaji uko Mtaa wa Narung'ombe. Chumba kimoja kirefu, cherehani kumi na moja, meza ya kukatia, ubao ukutani. Wanachama kumi na watatu: wanawake kumi na wawili na mwanamume mmoja, meneja, Ndugu Vitalis. Mama ndiye mkataji. Wenzake wanashona alichokata yeye.

Ndugu Vitalis alikuwa ameinamia karatasi, jasho linamtoka puani. Nikamwamkia. Akasema marahaba bila kuinua kichwa, halafu akakiinua ghafla.

"Wewe si ndiye wa Fomu Three? Hesabu zinapanda?"

Nikaangalia viatu vyangu. Mama akanijibia: "Zinapanda. Kinachogoma ni mdomo."

Kazi yenyewe ni hii. Shule ya msingi ya jirani imeagiza mashati meupe ya darasa la kwanza. Watoto mia mbili. Mwalimu wao ameleta orodha ya majina na umri. Ndugu Vitalis anataka avereji. Mwaka jana alipelekwa Morogoro kwenye kozi ya uongozi, wiki sita, akarudi na neno hilo. Mama anasema siku hizi hata chai anataka kujua kila mtu anakunywa vikombe vingapi kwa avereji.

Nikakaa mwisho wa meza. Nikajumlisha umri wa watoto wote: 1,884. Nikagawa kwa 200. Nikapata 9.42. Nikapiga mistari miwili chini yake kwa rula, kama tunavyofundishwa. Sikutumia hata robo saa. Ndugu Vitalis aliishika ile karatasi kwa mikono miwili kama cheti cha ubatizo. "Tisa na nusu, tuseme," akasema, na akaiandika ubaoni, kubwa, mpaka chaki ikakatika.

Naona haya lakini nitaandika. Njiani nilitembea polepole makusudi, niifaidi furaha yote kabla ya kufika nyumbani. Namba yangu iko ubaoni! Mimi ambaye kwenye basi nikisahauliwa chenji nashuka nayo moyoni.


Jumanne, 7 Februari

Tumekula wawili tu, Baba yuko Tabora na treni zake mpaka mwisho wa mwezi. Mama akasema meneja ameamua: mashati yote mia mbili saizi moja. Tisa na nusu.

Nikauliza kwa nini. Anasema ukikata saizi moja unalaza kitambaa tabaka ishirini, unachora mara moja, unapitisha mkasi mara moja. Miaka yote wamekata hivyo na hakuna aliyelalamika. Na tarehe ni ishirini na nane. Wakimaliza mia mbili siku hiyo, ofisi ya wilaya inayogawa vitambaa inawapa kitambaa cha mwezi wa saba. Wakichelewa, kinakwenda kwa ushirika mwingine. Kitambaa chenyewe kimeshafika, majora sita. Hakuna la saba.

Nikasema kama mtu mwenye akili nyingi, "Mama, avereji haikosei. Inabeba watoto wote."

Mama akanitazama. "Inawabeba wapi?"

Nikaondoa sahani.


Alhamisi, 9 Februari

Kule ushirika Tisa na Nusu amekuwa mtu. Kisa ni Bi Somoe wa Lindi, mkubwa wao wote kwa umri. Leo nimeingia nikamkuta anauliza chumba kizima: "Huyu mtoto Tisa na Nusu mama yake nani? Nataka nimpelekee uji, meneja anamtaja tangu asubuhi."

Winifrida, anayeshona karibu na mlango, akamjibu bila kusimamisha cherehani: "Kapita hapa sasa hivi, Bi mkubwa. Kasema anakusalimu."

"Mguu huo nusu anatembeaje?"

"Karuka kwa mmoja."

Walicheka mpaka Winifrida akashona kidole cha gauni la mtu pamoja na mfuko. Sijui kama gauni lina kidole, nimeandika vibaya kwa kucheka. Alishona mkono wa gauni pamoja na mfuko. Ndugu Vitalis naye alicheka, hana kinyongo. Akasema, "Chekeni, ndugu zangu. Lakini tusiongoze kwa macho. Tuongoze kwa takwimu." Alisema vizuri. Nilimwamini. Na ndani kwa ndani nilijua kwamba huyo mtoto wanayemcheka nimemzaa mimi.

Mama hakucheka. Ameshona shati moja la mfano, tisa na nusu kamili. Kesho anataka twende nalo shuleni nikamshikie futi. Kukata ni Jumatano.


Ijumaa, 10 Februari

Sijawahi kucheka na kusikitika siku moja namna hii.

Shule ile imejaa mpaka nje. Mwaka huu kila mtoto ameandikishwa, na wale waliopitwa miaka ya nyuma pia, kwa hiyo wanasoma kwa zamu. Tulikuta zamu ya mchana. Mwalimu Anaeli, mwenye darasa la kwanza, ni mama mnene mpole, sauti yake inafika barabarani. Akawapanga uani mistari mitatu.

Wa kwanza alikuwa binti wa miaka saba. Mama akamvalisha. Shati likafika magotini! Mikono ikamezwa yote. Mtoto mwenyewe hakuona tatizo, akaanza kuzunguka ili lipepee, akafikiri amepewa gauni. Kulivua ikawa ugomvi. Wa pili vilevile, wa tatu vilevile. Wa nne akawaomba wenzake wamtafute, akajikunyata humo ndani na kichwa.

Halafu mstari wa nyuma. Akatoka mvulana anaitwa Kasmir. Miaka kumi na mitatu, ananizidi urefu, na yuko darasa la kwanza. Amevaa shati la babaye. Akaingiza mkono wa kulia, ukakwama kwenye kiwiko. Akajaribu kwa adabu. Kifungo kikaruka. Watoto wakaangua kicheko. Yeye akalivua taratibu, akalikunja vizuri kuliko ninavyokunja mimi, akampa Mama kwa mikono miwili. Akasema shati ni zuri lakini ni la mdogo wake.

Mama aliokota kifungo mwenyewe.

Mwalimu Anaeli alituambia kando, kwa sauti ndogo kidogo, yaani ya kawaida kwa watu wengine. Wakubwa wawili wameacha kuja wiki iliyopita. Wenzao wadogo wanarithi sare za kaka zao, wao wanakuja na nguo za nyumbani na wanachekwa. Anasubiri haya mashati kama mvua.

Tuliwavalisha thelathini na wawili. Wa thelathini na mbili alikuwa Scholastika, miaka tisa. Shati likamkaa! Mabega, kola, mikono, kila kitu. Darasa zima likapiga makofi, naye akasimama kama yuko kwenye picha. Nami nikapiga makofi. Namba yangu ina uso, na ina pengo la meno mawili mbele.

Lakini kati ya thelathini na wawili, mmoja.


Jumamosi, 11 Februari

Mama amemweleza Ndugu Vitalis. Nilikuwepo, nimekaa nyuma ya majora.

Alipofika kwa Scholastika, meneja akapiga meza. "Si nilisema yupo?" Akafurahi kweli. Akawageukia wenzake: Tisa na Nusu amepatikana, anasoma zamu ya mchana.

Mama akasema, "Ndugu Vitalis, nimewavalisha wengi na amefaa mmoja."

"Wangapi, Mama Theopista?"

"Thelathini na wawili."

"Basi. Wewe una watoto thelathini na wawili. Namba yangu ina watoto mia mbili. Nani ameona wengi?"

Mama alipanga mkasi na futi yake mezani, akavipanga tena. Mama anaweza kumtazama mtu akiwa upande wa pili wa barabara akajua kifua chake ni inchi ngapi, na leo amenyamazishwa na karatasi. Karatasi yangu, yenye mistari miwili ya rula.

Nilitamani jora liniangukie.


Jumapili, 12 Februari

Kanisani sikusikia neno. Niliporudi niliitoa nakala ya orodha ambayo Ndugu Vitalis aliniachia. Nilipokuwa najumlisha Jumatatu nilikuwa napita juu ya namba mbio, saba, kumi na mbili, saba, saba, kama mtu anayeruka madimbwi. Sikumwangalia mtoto hata mmoja. Leo nimepiga kijistari kwa kila mtoto, kwa kila umri.

Wa saba, 80. Wa nane, 22. Wa tisa, 6. Wa kumi, 4. Wa kumi na moja, 20. Wa kumi na mbili, 50. Wa kumi na tatu, 18.

Nimehesabu mara tatu. Wenye tisa na kumi ni kumi tu. Kumi kati ya mia mbili! Wadogo wamerundikana huku, wakubwa wamerundikana kule, na katikati, pale pale ilipoangukia avereji yangu, karibu hakuna mtu.

Miaka yote saizi moja ilifaa kwa sababu darasa la kwanza lote lilikuwa la miaka saba. Mwaka huu ni madarasa mawili yamekaa kwenye chumba kimoja.

Hesabu yangu haina kosa. Ndilo linalonitisha. Mwalimu wetu angenipa alama zote.


Jumatatu, 13 Februari

Nilikwenda kumwambia. Nilijiandaa njia nzima, nikapanga sentensi tatu. Nimegundua kwamba nilizipanga kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza mimi ni jasiri, kwa kuwa hesabu nimejifunza kwa lugha hiyo na hakuna shangazi anayenisikiliza humo. Kwa Kiswahili kila neno lina mtu mzima amesimama nyuma yake.

Ndugu Vitalis aliniona mlangoni akafurahi. Akanipa kalamu ya wino mwekundu, mpya. Akasema ushirika unahitaji vijana wenye takwimu. Akaniuliza nina shida gani.

Nikasema, "Shikamoo."

Nilikuwa nimeshamwamkia. Akaitikia tena. Nikaondoka.


Jumanne, 14 Februari

Nimemwambia Mama. Alikuwa anachambua mchele. Nilimwambia nikiwa nimempa mgongo, najifanya natafuta chumvi. Nikamwambia kwamba mia mbili wa meneja wanasema sawasawa na thelathini na wawili wake, ila mimi ndiye niliyewafunga mdomo. Nikamwonyesha vijistari.

Mama hajui kusoma sana, lakini vijistari alivisoma papo hapo. Akapitisha kidole: rundo, pengo, rundo. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka mchele ukatawanyika sakafuni na tukawa tunauokota wote wawili.

"Kumbe wewe ndiye uliyemzaa huyu Tisa na Nusu!"

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nimekuwa bibi bila taarifa."

Nikamwomba amweleze meneja kesho kabla ya kukata. Akakataa. Akasema akisema yeye, wenzake watadhani mkasi wake ni mvivu, hataki kazi ya haraka, anamtafutia sababu meneja. "Namba umeipeleka kwa miguu yako. Kaifuate." Hakusema kwa ukali. Alinipangusa punje za mchele begani.


Jumatano, 15 Februari

Niko nje ya ushirika, kwenye benchi la fundi viatu wa jirani. Naandika kwenye magoti. Nimetolewa kwa sababu wanapiga kura na mimi si mwanachama. Nitaandika yote sasa.

Nilipofika kitambaa kilikuwa kimeshalazwa, tabaka ishirini, cheupe meza nzima. Mama amesimama, mkasi uko mfukoni. Hakuutoa. Meneja akamuuliza anangoja nini. Mama akasema, "Namngoja Theopista."

Kumi na watatu wakanigeukia. Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Bi Somoe akasema, "Sema mwanangu, hatuli watu Jumatano." Wakacheka, na mimi nikazidi kukauka.

Basi mikono ikafanya kazi. Kulikuwa na kopo la vifungo mezani. Nikalimwaga juu ya kitambaa. Nikachukua orodha. Mtoto wa kwanza, miaka saba, kifungo kimoja. Wa pili, kumi na mbili, kifungo kule. Wa tatu, saba. Ndugu Vitalis akasema tunapoteza muda. Bi Somoe akamwambia amwache mtoto acheze kidogo, yeye mwenyewe alichezea chaki wiki nzima.

Nilipofika kifungo cha thelathini hivi, Winifrida aliacha cherehani akaja kunisomea orodha. Mwingine akawa ananipa vifungo. Halafu watatu, halafu wote. Wakaanza kuitikia kila umri kama wako kwenye ngoma. "Saba!" "Huku!" "Kumi na mbili!" "Kule!" Kila ikitajwa tisa wanapiga vigelegele kwa sababu ni adimu. Vifungo vikaisha, tukamalizia na vya khaki.

Vikawa vilima viwili na bonde. Bondeni vifungo kumi, vimekaa kama watu waliokosa basi.

Hakuna aliyecheka. Ndugu Vitalis alizunguka meza nzima. Akarudi. Akainama. Akaweka kidole bondeni.

"Avereji iko hapa," akasema. Hakuwa ananiuliza.

Ndipo nikasema. Nilisema kwamba avereji ni ya kweli, niliipata mimi, na ningeipata hivyo hivyo leo. Ila inasema watoto wamekaa kuzunguka wapi kwa pamoja. Haisemi kama pale pana mtu. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine, mwenye mafua. Nikasema tukikata saizi tatu, ya wadogo, ya kati na ya wakubwa, wote wanavaa. Nikakaa chini pale pale, juu ya jora.

Nilidhani yameisha. Hayakuisha. Evarista, mwanachama anayetunza tarehe za ofisi, akasema saizi tatu ni kuchora mara tatu na kulaza kitambaa upya, na siku ni kumi na tatu tu. "Ofisi inahesabu mashati," akasema. "Haiendi shuleni kuhesabu nani amevaa. Fomu ina kisanduku kimoja."

Ni kweli, nimeiona hiyo fomu. Kisanduku kimoja: idadi. Mashati mia mbili ya Tisa na Nusu yanakijaza vizuri kabisa.

Mwingine akasema wadogo watakunja mikono, watakua. Mama akauliza, "Na Kasmir? Akunje nini?" Akawasimulia lile shati lilivyokwama, na lilivyorudishwa limekunjwa. Bi Somoe akatoa kanga akajipangusa uso.

Evarista akasema yeye pia ana moyo, lakini ana watoto watano, na ushirika ukikosa kitambaa cha mwezi wa saba wataketi hapa wakitazamana. Naye si mbaya. Hapo ndipo niliposhindwa kumchukia mtu yeyote.

Ndugu Vitalis alisema basi, ni ushirika, tupige kura kwa mikono. Nikaambiwa nitoke. Alinifungulia mlango mwenyewe. Hakunitazama.

Sasa nasikia yote, dirisha liko wazi. Anahesabu kwa sauti.

Wanaotaka saizi moja. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

Wanaotaka saizi tatu. Namsikia anapita cherehani kwa cherehani. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita.

Fundi viatu ameacha kugonga, naye anasikiliza.

Bi Somoe: "Ndugu Meneja, sita na sita ni ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na sisi tuko wangapi?"

Nasikia karatasi zinapekuliwa.

"Nauliza tu, mimi sikwenda Morogoro. Tuko kumi na watatu, nimeona mikono kumi na miwili. Kuna mmoja anahesabu wenzake yeye hajajihesabu."

Wanacheka, kicheko kifupi. Kiti kinasogea. Viatu vya kiume vinakuja huku.

Ni yeye. Ametoka bila kuinua mkono. Amesimama mbele yangu na karatasi tupu na penseli sikioni. Anauliza, kwa sauti ya chini ili wa ndani wasisikie: tukianza na wale wakubwa, saizi ya Kasmir kwanza, mangapi hasa? Na ukilaza tabaka thelathini badala ya ishirini, mkasi wa mama yako utapita?

La kwanza nalijua. Themanini na nane. La pili anajua Mama peke yake.

Naandika ili nisimtazame usoni. Haondoki. Amekaa kwenye benchi, upande wa pili, na penseli ameitoa sikioni.